Vivutio vya Mbeya vinavyostahili safari, na saa ya kuvifikia

Wageni wengi wanaoondoka Mbeya na manung'uniko hawakukosa kivutio, walikosa saa. Hunywa chai taratibu hadi saa tatu, wakakodi gari, na kufika kwenye kingo za Ziwa Ngozi saa saba mchana. Hapo hawaoni ziwa wala ng'ambo yake, wanaona ukungu mtupu. Siku hiyohiyo walikuwa wamepanga waone Daraja la Mungu, kisha warudi upande wa pili kabisa wa jiji wakaone Kimondo. Vyote vitatu vinaharibika kwa mkupuo mmoja, na lawama inaangukia Mbeya.

Jiji lenyewe lilianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipovuta watu. Limekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, milima kila upande, hewa ya baridi, chakula kingi na cha bei nafuu. Ni mahali pazuri pa kulala na kula. Vitu vya kutazama viko nje, vimetawanyika kwenye barabara nne: ya Tukuyu kuelekea kusini, ya Tunduma magharibi, ya Chunya kaskazini, na ya Iringa mashariki, ambako ukifika Chimala unapanda kwenda Hifadhi ya Kitulo. Barabara moja, siku moja. Anayechanganya mbili hukwama kati ya Uyole, mashariki mwa jiji, na Mbalizi, magharibi mwake, kwa sababu barabara kuu ya TANZAM inapita tumboni mwa jiji na malori yote ya Tunduma, Zambia na Kongo yanapita hapohapo. Ndiyo sababu ukaanzishwa ujenzi wa njia nne wa kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Ukipanga safari, foleni hiyo ihesabu kama sehemu ya umbali.

Ziwa Ngozi

Hiki ndicho kivutio ambacho peke yake kinatosha kumtoa mtu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na asijute. Ngozi ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano katika milima ya Uporoto. Lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, kina kinachozidi mita 70, na maji yake yako kwenye mwinuko wa mita 2,060 hivi. Hakuna mto unaoonekana kuingia wala kutoka. Ukiwa juu ya kingo unatazama chini mita mia mbili za msitu uliosimama wima, na mwisho wake ni maji ya kijani kizito yanayobadilika rangi kila wingu linapopita. Jina lenyewe huelezwa kuwa na maana ya kitu kikubwa.

Magari ya Tukuyu na Kyela yanapatikana stendi ya Nanenane, upande wa Uyole. Panda Kosta ya kwanzakwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshakaa kitini, na umwambie kondakta mapema akushushe Mchangani, njia panda ya Ngozi. Ukinyamaza utapitishwa hadi Kiwira. Kutoka lami hadi ukingoni mwa msitu kuna kilomita kati ya tano na saba kupitia mashamba ya viazi, kabichi na pareto. Kiangazi bodaboda anafika bila shida. Wakati wa mvua ule udongo mweusi wa majivu ya volkano unageuka uji, pikipiki inacheza, na mara nyingi abiria hushuka na kutembea nusu ya njia. Elewana na bodaboda bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hajawasha pikipiki, na mlipe sehemu tu kwanza. Akishalipwa yote ana kila sababu ya kufuata abiria mwingine.

Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio hulipwa kwa kontroo namba, na mtandao wa simu huko juu hauaminiki, kwa hiyo ni vyema kushughulikia malipo ukiwa bado mjini, hata jana yake, na kubaki na risiti kwenye simu. Kijana wa kukuongoza analipwa kando na kiingilio. Mchukue. Njia zinazokatwa na wachuma kuni zinafanana sana na njia yenyewe, na kwenye ukungu hata mwenyeji husimama kidogo kabla ya kuchagua.

Kupanda kunachukua saa moja kwa mwenye mazoezi, saa moja na nusu kwa asiye nayo. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu, chini ya miti mikubwa iliyovaa kuvu na migomba pori yenye majani mapana kuliko mlango. Sehemu ya mwisho inasimama kama ngazi, na ngazi zenyewe ni mizizi. Hapa ndipo watu wanapoumia, na karibu kila mara ni wakati wa kushuka. Sababu ni ndogo: mzizi uliolowa una utelezi kuliko tope, na mguu wa mtu aliyechoka huutafuta mzizi kwa sababu unaonekana mgumu. Kanyaga pembeni ya mzizi, juu ya majani. Shuka ubavu, usishuke uso mbele. Beba fimbo, wenyeji watakukatia au kukuuzia. Raba za mjini zenye soli laini hazifai kabisa, na wakati wa masika gambuti zinashinda viatu vya gharama, kwani tope linafika juu ya kifundo cha mguu.

Tembea ukitazama matawi yaliyo kimo cha kifua. Milima hii ni makao ya kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye wataalamu wanamtaja kwa jina la Uporoto kwa sababu ni wa huku. Dume ana pembe moja puani na mbili juu ya macho. Rangi yake ni ya jani lililoanza kukauka, na akisimama anayumba mbele na nyuma kama jani linalopepewa, hata siku isiyo na upepo. Kuyumba huko ndiko kunakomfichua. Mtazame tu, usimshike.

Sasa kuhusu ukungu. Asubuhi bonde bado ni baridi na shimo la ziwa liko wazi. Jua likipanda, unyevu wa msitu na mashamba unapata joto na kukwea mlima, unafika kwenye kingo na kumwagikia ndani. Kufika saa sita shimo mara nyingi limeshajaa. Ukiwa juu kabla ya saa nne una nafasi nzuri mno. Ukikuta ukungu, kaa dakika arobaini kabla ya kukata tamaa, maana upepo hufungua dirisha la ghafla na kulifunga tena.

Je, ushuke hadi majini? Kwa wengi jibu letu ni hapana. Njia ya kushuka ni mteremko mkali sana, inahitaji kushikilia mizizi kwa mikono, na mvua ikinyesha ukiwa chini, kupanda tena ni kazi ya hatari. Ziwa linaonekana vizuri zaidi kutoka juu. Anayeshuka ashuke wakati wa kiangazi, akiwa na kiongozi, na aanze kupanda mara anapoona mawingu. Wazee wana masimulizi mengi kuhusu Ngozi: kwamba lilifukuzwa kutoka mahali pengine kwa jiwe la moto likaja kujificha huku, na kwamba Wajerumani walitupa hazina ndani yake. Kwa watu wa hapa ziwa hili lina heshima yake. Usirushe mawe na usipige kelele.

Daraja la Mungu na Kijungu

Viko kwenye barabara ileile ya Tukuyu, na aliyemaliza Ngozi mapema anaweza kuviunganisha mchana. Njia inaachana na lami kaskazini mwa Tukuyu, pale Kibwe, kuelekea Chuo cha Magereza Kiwira. Daraja ni upinde wa mwamba uliozaliwa na lava ya volkano: ilitiririka juu ya mto, ikaganda, na Mto Kiwira ukaendelea kupita chini yake hadi leo. Ukisimama juu yake hulioni daraja, unaona njia na majani tu. Shuka pembeni upate kulitazama kwa ubavu, ndipo utaona unene wa upinde na maji yanavyotoka gizani.

Kijungu kiko mbele zaidi, ndani ya eneo la magereza. Hapa mto mzima unabanwa kwenye tundu la mwamba, unachemka kama chungu kilichozidiwa na moto, na jina limetokana na hilo. Kati ya viwili hivi, Kijungu ndicho kinachokaa moyoni. Getini utaulizwa kitambulisho na utapewa utaratibu. Ufuate kama ulivyo. Usielekeze kamera kwenye majengo, wafungwa wala askari, hata kwa bahati mbaya, maana picha moja ya namna hiyo inamaliza ziara. Mwamba kuzunguka tundu umelainishwa na maji kama sabuni na hakuna cha kushika. Watoto washikwe mkono wakati wote.

Ardhi yote ya Rungwe ingali na volkano ndani yake. Kule Kyejo inavunwa hewa ya ukaa kutoka chini, ileile inayofanya soda itoe mapovu, na kule Ngozi serikali inatafuta jotoardhi kwa ajili ya umeme. Kiongozi anayejua kuyaeleza haya anastahili kulipwa zaidi.

Mwenye usiku wa ziada alale Tukuyu. Kusini mwake kuna maporomoko ya Kaporogwe, mita 40 hivi, yenye pango nyuma ya maji, na upande wa kusini-mashariki kuna Ziwa Masoko, dogo, la mviringo, lililowahi kuwa na kambi ya Wajerumani. Ni mazuri yote mawili, lakini hayabebi uzito wa Ngozi. Kumbuka tu kwamba Tukuyu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na Mei kule bado ni masika hata kama Mbeya jua limeshatoka.

Kimondo cha Mbozi

Kivutio hiki kinaonewa. Watu huja wakitarajia shimo kubwa, wanakuta bonge la chuma, wanapiga picha mbili na kuondoka baada ya dakika kumi. Kosa linaanzia kwenye matarajio. Shimo halipo kwa sababu kimondo kilianguka zamani mno, mvua na udongo vimefuta alama zote, na hata masimulizi ya kuanguka kwake hayakubaki kwa wenyeji. Kilichobaki ni chenyewe, na ni kimoja cha vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani. Urefu ni mita 3 hivi, kimo mita 1, na makadirio ya uzito mengi yako kati ya tani 12 na 16. Takribani asilimia 90 ni chuma na asilimia 8 na kitu ni nikeli.

Kiko kwenye kilima cha Marengi, sasa Mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kutoka jijini ni kilomita 65 hadi 70: barabara ya Tunduma hadi karibu na Mlowo, kisha unaiacha kwa barabara ya pembeni ya kilomita kumi na kitu. Bila gari la kukodi, panda basi la Tunduma ushuke Mlowo, kisha bodaboda. Kilitambuliwa na mpima ardhi mwaka 1930, kikiwa kimezikwa nusu. Wakachimba udongo kukizunguka wakaacha nguzo chini yake, na baadaye nguzo hiyo ikaimarishwa kwa zege. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa mezani. Kimelindwa kisheria tangu mwaka 1967.

Jipe nusu saa na ukisome kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya uso wake: utakuta vishimo vya duara, kama alama za kidole gumba kwenye donge la unga. Hizo ni sehemu zilizoyeyuka kilipokuwa kinapita angani kwa moto. Kisha tafuta upande uliokatwa. Desemba 1930 kilikatwa kipande cha sentimeta kumi tu, na msumeno wa chuma ulifanya kazi saa kumi. Alama ya msumeno bado ipo, imenyooka, laini kuliko kwingine kote. Beba sumaku ndogo, hata ya kubandika kwenye friji, uiguse hapo. Inanata papo hapo, na watoto wanaielewa sayansi yote kwa sekunde moja. Usikigonge kwa jiwe ili kisikike kama kengele, kama wanavyofanya wengine. Kila pigo moja linaacha kovu. Nenda asubuhi, kwa sababu mchana chuma kinapata joto na huwezi kukaa umekiegemea.

Mbozi ni nchi ya kahawa. Miezi ya mavuno, kuanzia Juni, utaona buni zimeanikwa kwenye vichanja kando ya njia. Ukinunua kahawa, uliza iliyokaangwa wiki hiyo na uinuse kabla ya kulipa. Iliyokaa haina harufu.

Kitulo

Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kilomita za mraba 412 na ushei, uwanda wa nyasi kwenye mwinuko wa mita 2,600, na ilianzishwa kwa ajili ya maua. Ina aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Sababu moja ya kuilinda ni kwamba viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako vinaliwa.

Uamuzi wetu hapa ni mkali: nenda kati ya Desemba na Machi, au usiende. Juni hadi Agosti kuna barafu ya alfajiri, nyasi zimekauka, na utakuwa umelipia kiingilio cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kuona uwanda wa kahawia. Na hata msimu wa maua, anayekaa ndani ya gari ataona nyasi tu. Okidi nyingi ni fupi, ua lake halizidi ukucha, na zimejificha kati ya majani. Shuka, tembea hatua mia, kisha chuchumaa. Ukishaliona la kwanza, macho yanafunguka na utayaona mengine kumi mahali uliposimama. Tembea na mhifadhi, ukanyage njia iliyopo. Usitarajie tembo wala simba.

Njia ya kuingilia kutoka Chimala inapanda hadi Matamba kwa kona 57. Mandhari ya bonde la Usangu ukiwa katikati ya kona ni ya kusimamisha gari, ila usilisimamishe kwenye kona yenyewe. Hatari iko wakati wa kushuka: dereva anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha, zinaanza kunuka, kisha zinaacha kushika. Gari lishuke kwa gia ileile ambayo lingepandia. Muulize dereva wako kabla hamjaanza safari. Akicheka swali hilo, tafuta mwingine. Njia nyingine inaanzia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, kupitia Kikondo. Kwenye sehemu zisizo na lami mvua kubwa inawakwamisha hata wenye Lendikruza, kwa hiyo ulizia hali yake siku hiyohiyo.

Barabara ya Chunya na vilele vya mjini

Hii ni ya nusu siku. Lami inapanda kupitia shamba la miti la Kawetere hadi mahali unapoona Bonde la Ufa likifunguka chini na uwanda wa Usangu ukipotea kwenye vumbi. Asubuhi au jioni, mwanga ukiwa wa ubavu, pana uzuri wa kweli. Mchana kila kitu kinafifia.

Wenye miguu watapenda Loleza, mita 2,656, mlima unaolitazama jiji, na Kilele cha Mbeya chenye mita 2,818. Kilele cha Mbeya kina njia mbili, fupi na kali kutokea upande wa Mbalizi, na ndefu na laini kutokea barabara ya Chunya. Loleza usipande peke yako wala jioni. Nenda na kijana anayefahamika na mwenyekiti wa mtaa, acha vitu vya thamani hotelini, na beba maji lita mbili, kwani juu hakuna kivuli.

Chakula, nguo na mwenye siku moja tu

Juni na Julai usiku wa Mbeya unahitaji sweta nzito, na hoteli za kawaida hazina joto la kuwasha. Omba blanketi la pili unapopokea ufunguo. Maji ya moto yajaribu kabla hujalipa. Kwa chakula, Rungwe ni nchi ya ndizi, maziwa na parachichi, na wali wa Kyela unajitangaza kwa harufu kabla sahani haijafika. Sokoni mchele wa Kyela unachanganywa mara nyingi na wa kawaida, kwa hiyo chota konzi kutoka katikati ya gunia, upashe joto kwa pumzi, unuse. Ukiwa Rungwe, salimia kwa "Mugonile" asubuhi. Msaada unakuja haraka zaidi.

Mwenye siku moja tu achague Ngozi, aache vingine vyote. Abebe noti ndogondogo, koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, na ndizi za kuchoma za kununua njia panda. Awe amerudi kwenye lami saa kumi na moja jioni, wakati Kosta za kurudi Mbeya bado zina viti; giza likiingia zinapungua, na zinazobaki zinajaza watu mpaka mlangoni.